Ya kwao wenyewe: mwaka wa fomu wani na fomu tuu hapa kwetu Mwanza

Hii ni hotuba niliyotoa kwenye kikao cha wazazi wa fomu wani mwezi wa kwanza. Nimeiandika karibu vile vile nilivyoongea, maana wapo waliokwama na foleni ya Buzuruga wakafika nimeshamaliza, na wapo waliokaa nyuma karibu na jiko spika haikuwafikia.

Mwangaluka! Naona wa Magu na Misungwi wameitika wote. Haya na wale wa Ukerewe, wa Bukoba, wa Musoma, na nyie mliohamia juzi kutoka Dar bado mnashangaa mawe, habari zenu za asubuhi. Mkuu wa shule, walimu wenzangu, wajumbe wa bodi, wazazi na walezi, na nyie njuka wa fomu wani mliokaa pale chini ya mwembe sare bado zina mikunjo ya dukani, karibuni sana.

Mkuu amenipa dakika 20 na ananijua, ndio maana mmemuona amevua saa kaiweka mezani. Mimi nafundisha fizikia, afu ndio mlezi wa shughuli zote za nje ya darasa kwa fomu wani na fomu tuu, wanafunzi wananiita madamu na nyie mkinikuta stendi ya Nyegezi niiteni hivyo hivyo nitaitika.

Nimesimama kuwaambia watoto wenu watafanya nini mwaka huu muda ambao hawako kwenye daftari. Na najua swali lililoko kichwani kwa mzazi yeyote anayetoa nauli kila asubuhi, kwamba nimemleta asome au acheze, kwa hiyo naanza na hilo kabla hamjanikata kauli.

Mtoto anamaliza la saba akiwa ndiye mkubwa wa shule. Ni kiranja, anapiga kengele, anashika ufunguo wa stoo, wadogo wanamwamkia. Afu Januari anaingia sekondari, ghafla ni mdogo kuliko wote, kazi yake kubeba ndoo, kushika fagio na kupiga makofi wakubwa wakifunga goli. Nimewahi kufundisha mahali, sitapataja, fomu wani hakuruhusiwa kugusa mpira mpaka wa fomu foo wachoke, na wa fomu foo walikuwa hawachoki. Kwenye dibeti fomu wani anapanga viti na kufuta ubao. Kwenye mahafali anaosha sahani. Miaka miwili inakwisha mtoto hajawahi kusimama mbele ya watu hata mara moja, afu akifika kidato cha tatu tunamchagua kiongozi tunaanza kulalamika mbona anatetemeka, sasa angeyajulia wapi?

Na muda wenyewe wa kujaribu ni huu huu. Kidato cha tatu anachagua masomo, hesabu zinakuwa nyingine, fomu foo hapo kuna mtihani wa taifa hata mimi sitaki kumuona uwanjani. Fomu tuu nao wana upimaji wao Novemba na asiyefikia kiwango anarudia darasa, hilo sijalisahau, nitalifikia. Lakini kati ya Januari ya fomu wani na Septemba ya fomu tuu kuna nafasi kubwa tu, na shule nyingi nafasi hiyo inaliwa na fagio.

Kwa hiyo hapa kwetu tumekata shauri, wa chini wana ratiba yao. Wanaipanga wao, wanaiongoza wao, mwenyekiti ni fomu tuu na makamu ni fomu wani, na mwanafunzi wa kidato cha tatu au cha nne akitaka kuja anakuja kama mtazamaji. Anakaa. Anapiga makofi. (Hapa fomu wani walishangilia mpaka mkuu akasimama.)

Sasa mfumo wenyewe. Sisi tuko usukumani, na Wasukuma walishatuachia mfumo mzuri wa mashindano kuliko wowote ninaoujua, tukaona ujinga kwenda kuazima mbali. Karne ya 19 walikuwepo wacheza ngoma wawili mashuhuri, Ngika na Gumha, kila mmoja na wafuasi wake, wakashindana mpaka wafuasi wakagawanyika makundi mawili, Wagika na Wagalu, na makundi hayo yapo mpaka leo, kila sikukuu ya ngoma ya Bulabo pale Bujora mnayaona. Na ushindi unapatikana hivi: hakuna meza ya majaji wamekaa na karatasi wanatoa alama. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, ngoma juu ya ngoma, na watu wanaangalia wanakotaka. Mwenye umati mkubwa ndiye kashinda. Basi.

Fikiria hiyo kwa mtoto wa miaka 14. Ukiweka jaji mezani mtoto anajifunza kumridhisha mtu mmoja, na kwa kawaida mtu huyo ni mwalimu, na mwalimu anamjua. Ukimwambia watu watakuja kwako au wataondoka, lazima afikirie watu. Kwa nini wanaondoka? Tumerefusha? Hawasikii? Wenzetu wana nini? Hayo maswali siwezi kuyafundisha ubaoni, nimejaribu kuyatafutia kipindi hayana kipindi.

Kwa hiyo fomu wani na fomu tuu wote wanagawanywa Wagika na Wagalu kwa kura. Vikaratasi vinawekwa kwenye sufuria kubwa ya jikoni, kila mtoto anachomoa. Hatuangalii mkondo, hatuangalii dini, hatuangalii kama ni wa bweni au wa kutwa, wavulana na wasichana wanachanganyika. Kundi ulilochomoa ndilo lako miaka miwili. Mwaka jana tulikuwa na mapacha wakachomoa tofauti, mama yao akaja juu akasema hawajawahi kutengana, nikamwambia mama tulia, wanalala nyumba moja. Sasa hivi yule mdogo, maana hata mapacha kuna mdogo, anaongea kuliko kaka yake.

Januari na Februari sina mengi. Ni kuzoea Kiingereza, kuzoea vipindi, kujua choo kiko wapi. Kila mtoto anajiandikisha klabu moja. Moja, narudia, sio tatu, maana wapo wanaojiandikisha skauti na Malihai na kwaya na sayansi afu Jumamosi hawaonekani popote. Wanaopenda mambo ya wanyama na misitu waingie Malihai, klabu hizi ziko Tanzania tangu 1980 na hazihitaji mtoto awe na hela, zinahitaji awe na viatu vinavyopanda mlima.

Machi tunaanza dibeti, na hapa naomba walimu wa lugha wanivumilie maana tumeshabishana sana staff rum. Dibeti ya muhula wa kwanza kwa fomu wani ni kwa Kiswahili. Mtoto katoka shule ya msingi ya Kiswahili Desemba, wewe Machi unamsimamisha anatetea hoja kwa Kiingereza, anakariri sentensi nne alizoandikiwa na dada yake, anazitapika, anakaa. Hapo hakuna hoja iliyotetewa. Mimi nataka kwanza ajue kubishana, kumsikiliza mwenzake mpaka mwisho na kumjibu alichosema kweli, sio alichojiandaa kujibu. Muhula wa pili tukihamia Kiingereza anakuja na sarufi mbovu lakini anajua anataka kusema nini, na sarufi ina dawa.

Mada ya mwaka jana ilikuwa sangara ameleta faida kuliko hasara Ziwa Victoria. Mnaona wazazi mnavyocheka, kila mmoja ana upande tayari. Sangara hakuwemo ziwani mwanzo, alipandikizwa miaka ya 1950 enzi za mkoloni. Wagika walitetea faida, wakaleta viwanda vya minofu, ndege za mizigo, ajira, shule zilizojengwa kwa hela ya samaki. Wagalu wakaleta furu, wale samaki wadogo ambao ziwa hili lilikuwa na mamia ya aina zao na aina nyingi hazionekani tena, wakasema babu zetu walikula samaki ambao sisi hata majina yao hatuyajui. Mpaka hapo ilikuwa dibeti ya kawaida, nzuri, ya vitabuni.

Afu akasimama kijana mmoja wa fomu wani, mfupi, alikuwa hajaongea tangu Januari, kakaa upande wa Wagika. Akatoa kitu mfukoni kimefungwa kwenye gazeti. Akakifungua polepole, kimekauka, cha njano njano, kama soli ya kandambili iliyoachwa juani. Akauliza nani anajua hiki ni nini. Watoto wa mjini kimya, wa Igombe na wa visiwani wakaanza kucheka. Ni bondo, kile kibofu cha hewa cha sangara. Akasema mama yangu anauza mabondo, zamani wakipasua sangara hii walikuwa wanatupa, siku hizi inapelekwa Uchina na kwa kilo inauzwa ghali kuliko nyama yote ya samaki iliyobaki, na ada ya dada yangu chuo imetoka humu. Akalizungusha lile bondo mkono kwa mkono mpaka nyuma kabisa, ukumbi mzima ukanuka, watu wakalinusa wakalipitisha. Unajua nini kilitokea? Msichana wa Wagalu akamwacha amalize, akasimama akasema, sawa, na ndio maana wanavuliwa mpaka wachanga, tuulize mama yako, mabondo ya siku hizi ni makubwa kama ya zamani? Kijana akafikiria. Akasema hapana, ni madogo.

Hapo walimu wote tuliokuwepo tulitazamana. Angeweza kudanganya, kundi lake lingeshinda. Mada ya mwaka huu watachagua wenyewe na sitawaambia ni zipi zinagombaniwa lakini moja inahusu bodaboda.

Aprili ni mvua, matope, mpira ndani ya matope, wazazi andaeni sabuni.

Mei ina siku yetu moja nzito. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikitokea Bukoba kupitia Kemondo, ikiwa imekaribia kabisa kufika hapa Mwanza, imebeba watu kupita kiasi. Wapo humu ndani waliopoteza watu, naona vichwa vinainama. Watoto wetu hawa wamezaliwa baada ya hapo, wengine hata wazazi wao walikuwa wadogo, kwao ni jina tu kwenye kibao cha makaburi ya Igoma wanakipita na daladala. Tunawapeleka Igoma kundi moja asubuhi, la pili mchana, wanafyeka, wanafagia, wanasoma majina, wanarudi.

Siku inayofuata tunawapeleka maabara, na hapa ndio somo langu linaingia. Kila kikundi kinapewa beseni la maji na kopo la mafuta ya kupikia lililokatwa ubavuni likawa kama mtumbwi, na kokoto. Unapakia kokoto chini, sawa sawa pande zote, kopo linakaa, linazama kidogo kidogo lakini linakaa. Afu unaambiwa chukua kokoto zile zile, hata usiongeze moja, zipange juu, kwenye kipande cha mbao uliyolaza kwenye kingo za kopo. Uzito ni ule ule. Gusa kopo kidogo kwa kidole. Linapinduka palepale. Mwaka jana kuna kikundi walirudia na kurudia hawaamini, mmoja akawa anahesabu kokoto akidhani wenzake wameongeza. Kitovu cha uzito kikipanda juu chombo kinakosa utulivu, kwenye kitabu hiyo ni mistari miwili na mtoto anaikariri, lakini yule aliyeona kopo limepinduka kwa kidole, siku akipanda boti ya kwenda kisiwani akaona watu wote wamekimbilia upande mmoja kuangalia kitu, atakuwa wa kwanza kupiga kelele kaeni chini. Na atauliza laifu jaketi ziko wapi kabla injini haijawashwa. Hiyo ndiyo mitihani ninayoitaka mimi.

Nikiwa hapo hapo ziwani niseme la kichocho nisilisahau. Shughuli zetu nyingi ziko pembeni ya maji na sheria ni moja, hakuna kuingia majini, hata kama jua linachoma, hata kama mtoto wako anaogelea kama mamba. Ufukwe wetu una kichocho. Konokono wanakaa kwenye maji ya pembeni yenye majani, vijidudu vinatoka kwa konokono vinapenya ngozi yenyewe, huhitaji hata kunywa maji, kukanyaga kunatosha. Na wale wanaoleta fomu ya kukataa dawa za kichocho zikija shuleni, jamani, tunaomba tukae tuongee kwanza. Dawa ile ukimeza tumbo tupu inakuchafua, kweli, ndio maana mtoto mmoja akitapika mtaa mzima unasema dawa mbaya. Mpeni mtoto chai nzito na kiporo siku hiyo, sisi tutampa uji, ndipo ameze.

Juni tarehe 5 ni siku ya mazingira, makundi yanaokota taka kandokando ya Mto Mirongo, kila kundi na kipande chake, mnayaona yale maji yanavyopita katikati ya mji yanabeba chupa za plastiki mpaka ziwani. Kuna glavu. Hakuna mtoto anayeokota bila glavu. Kisha UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari, huko wanaenda waliochaguliwa na kwa kawaida ni wakubwa, sitawadanganya, fomu wani akipenya ni bahati. Likizo.

Julai tunarudi na Siku ya Kiswahili tarehe 7, ngonjera, mashairi, mnaalikwa. Wiki hizo hizo fomu tuu wa jiografia wanaenda Kigongo kuangalia Daraja la Magufuli lililofunguliwa 19 Juni 2025, kilometa 3 juu ya maji mpaka Busisi. Mnakumbuka pale foleni ya kivuko, malori, mgonjwa ndani ya gari anasubiri zamu. Watoto wanapewa kazi moja, wawaulize mama lishe na wauza mahindi wa pale kivukoni biashara imehamia wapi. Maana daraja wote tunalisifia na mimi nalisifia, lakini gari lisiposimama, mahindi ya kuchoma anauziwa nani? Waandike walichosikia, wasituandikie urefu wa nguzo, urefu tunao.

Nane Nane tunaenda Nyamhongolo, hiyo mnaijua, watoto watarudi na vipeperushi mia na vumbi.

Kisiwa cha Saanane kinapendwa kuliko safari zote na ndio kinachoniumiza kichwa. Kiko hapa hapa, boti kutoka Capri Point unafika kabla hujamaliza karanga, ni hifadhi ya taifa tangu 2013, na bado kila mwaka nakuta watoto waliozaliwa Kirumba hawajawahi kukanyaga. Jina ni la mzee Saanane Chawandi aliyekuwa akiishi pale kabla kisiwa hakijafanywa bustani ya wanyama mwaka 1964. Wanaona swala, pimbi wamejazana juu ya mawe, ndege wasiohesabika. Nawapenda pimbi kwa sababu hawana haraka. Kinachoniumiza kichwa ni simu. Mwaka jana kuna walioazima simu za kaka zao wakapiga picha kisiwa kizima bila kukiangalia. Mwaka huu kila kundi lina mpiga picha mmoja tu, wengine wanabeba daftari la kuchora, asiyejua kuchora achore hivyo hivyo.

Haya, Septemba. Septemba ndio ngoma.

Kabla yake tunakuwa tumeshakwenda Bujora, kule Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma aliyoyaanzisha Padre David Clement kutoka Kanada. Tunakwenda siku ya kawaida, sio siku za Bulabo, maana Bulabo inafuata sikukuu ya Ekaristi na tarehe inahamahama na umati ule siwezi kuchunga watoto ninaodaiwa na nyie. Wanaona ngoma za watemi, viti vya enzi, wanafundishwa hatua za ngoma ya bugobogobo na majembe yanavyorushwa na kudakwa. Halafu wanaachiwa wiki kadhaa wajiandae wenyewe. Mwalimu haruhusiwi kwenye mazoezi. Na mimi siruhusiwi, nachungulia dirishani.

Mwaka jana siku ilipofika Wagalu walikuwa na ngoma tano kubwa wameazima kwa babu mmoja wa Kisesa, wana njuga, wana majembe, wamejipaka unga, ukiwaona unajua hapa kuna kazi. Wagika walikuwa na madumu. Madumu ya maji ya njano, yale yale ya kubebea maji. Kipenga kikalia, pande zote zikaanza pamoja, vumbi, na kama mnavyotarajia shule nzima ikakimbilia kwa Wagalu. Upande wa Wagika wakabaki walimu wawili wenye huruma na mpishi.

Sasa msichana mmoja wa fomu wani ambaye ndiye aliyekuwa manju wao, yaani kiongozi wa ngoma, akainua mkono, madumu yakanyamaza. Yote. Nikasema wamekata tamaa. Kumbe anasubiri. Akatoka kijana katikati ya uwanja peke yake, kabeba ndala mkononi, kitambaa begani, akaanza kutembea. Hakucheza, ametembea tu. Mwendo huo kila mtu anaujua, wa mwalimu fulani wa zamu akitoka ofisini saa moja na nusu kukamata wachelewaji, anaficha fimbo nyuma ya mgongo anajifanya anaangalia maua. Na mwalimu fulani mwenyewe ni huyu hapa mnayemuona amesimama anaongea. Kicheko kikatoka upande huo, watu wa huku wakageuka kuona kuna nini, wakaanza kuhama mmoja mmoja, afu kumi kumi, na ndipo lile dumu moja likaanza kufuata mwendo wa miguu yake, tu, tu, tu-tu, wenzake wakaingia, wimbo ukaanza, na wimbo wenyewe ulikuwa mzuri kweli, wa kuchelewa daladala, una majina ya vituo vyote kutoka Igoma mpaka hapa. Wagalu walipiga ngoma zao mpaka mikono ikavimba, wana ngoma tano, hawana mtu. Mpishi naye maharage yakaungua, siku hiyo tulikula saa tisa.

Baadaye Wagalu walikasirika sana, wakaniletea barua, wamesema mashindano ni ya ngoma na wenzao wameleta maigizo. Nikawaambia watu walikwenda kwa miguu yao, hakuna aliyewabeba. Barua nimeitunza maana imeandikwa vizuri, ina hoja tatu na ya tatu ina nguvu kuliko uamuzi wangu.

Oktoba tunafunga. Fomu tuu wanakabidhi daftari, kipenga na funguo ya kabati kwa fomu wani, na kuanzia siku hiyo fomu tuu ni prepo na majaribio mpaka Novemba, nikimkuta mtoto wa fomu tuu na dumu mkononi baada ya hapo awe anakwenda kuteka maji. Wazazi wa fomu tuu wapo wachache hapa wanisikie, mkiona mtoto anashuka darasani kabla hamjasema ni ngoma, angalieni anaamka saa ngapi, anatembea umbali gani, na anakula nini kabla ya saa nane. Wapo wanaotoka nyumbani gizani. Huyo ukimnyima Jumamosi ya ngoma hujampa usingizi wowote.

Mkuu ameshika saa. Namalizia na maswali kama mlivyoandika kwenye vikaratasi.

Mzazi anauliza Wagika na Wagalu kwa asili walikuwa na mambo ya dawa, je watoto watafundishwa uganga. Ni kweli, zamani waganga walikuwa sehemu ya mashindano na hata leo makumbusho wanaeleza, watoto watasikia kama historia. Shuleni dawa yetu ni mazoezi. Na chatu wa kuchezea ngoma hatuleti, nimeulizwa na hilo pia.

Mwingine anauliza hela. Igoma, Mirongo na dibeti ni bure au nauli ya mwanafunzi tu. Saanane, Kigongo na Bujora kuna mchango, tutawatangazia kwenye kikao cha madarasa na mtalipa kidogo kidogo kwa mhasibu, mnapewa risiti, msimpe hela mwanafunzi na msimpe mwalimu mkononi, hata mimi. Asiyeweza aje kwangu mapema sio asubuhi ya safari, kuna kazi ya bustani ya mchicha inayolipia viti vichache na hakuna atakayejua nani kakaa kiti kipi.

La mwisho, mama wa nyuma pale mwenye kitenge cha bluu, umeandika mtoto wako ana kigugumizi na usiku hajalala tangu asikie kuna dibeti. Ni kweli lazima kila mtoto asimame, lakini hatujasema lazima aanze yeye. Manju wa Wagika mwaka jana, yule aliyenyamazisha madumu, muulize mwenyewe, ndiye aliyewaongoza mpaka viti vyenu hapo, alianza kwa kuandika hoja akampa mwenzake asome. Aliendelea hivyo muhula mzima. Mlete Jumamosi saa tatu, achomoe kikaratasi chake kwanza.